Keja ya DMV: Lamu Ikae na IKEA

Keja nyingi za vijana wetu huku DMV (DC, Maryland na Virginia) zimegawanywa mara mbili. Sebule ni ya wageni: kochi la kijivu, meza nyeupe, ukuta hauna kitu, vyote vimetoka IKEA ya College Park siku moja. Alafu vitu vya nyumbani vimefichwa chumba cha kulala. Kiondo kimejaa machaja, leso za mathe ziko ndani ya begi, stuli ya miguu mitatu imesukumwa nyuma ya mlango. Hiyo huniuma, mazee. Unalipa rent noma Silver Spring ama Laurel, na mtu akiingia kwako hawezi jua umetoka Kaloleni ama Kansas.

Mi nasema changanya. Za majuu na za ocha, za kale na za jana, zote sebuleni.

Ka unadhani hiyo ni ushamba, shukia stesheni ya Smithsonian uingie makumbusho ya Freer, kuingia ni bure. Kuna chumba huko ndani kinaitwa Peacock Room, na ni moto. Kilianzia London, kwa nyumba ya Frederick Leyland, mdosi wa meli wa Liverpool mwenye alikuwa anataka mahali pa kuweka vyombo vyake vya China, vya bluu na nyeupe. Thomas Jeckyll akamtengenezea shelfu za mbao zinapanda ukuta mzima, na nyuma yake ngozi ya kale. Kati ya 1876 na 1877 akaingia Whistler, msanii Mmarekani mwenye sanaa ya Japani ilikuwa imemshika vibaya. Akapaka ile ngozi yote bluu ya kukaribia kijani, akamwaga dhahabu juu yake, akachora matausi. Leyland hakubambika, wakakosana juu ya chapaa, na Whistler akamwachia ukutani tausi wawili wakizozana. 1904 Charles Freer akanunua chumba chote, akakipeleka kwake Detroit, na tangu 1923 watu wanakionea DC.

Kitu kali ni venye Freer alifanya na zile shelfu. Hakurudisha bluu na nyeupe. Alizijaza na vyombo vya Iran, Syria, Japani na Korea, vya rangi za udongo na za majani, na chumba kikashikana. Kilishikana juu ile bluu na ile dhahabu hazikuachi, popote unageuza macho unazipata.

Sasa rudi nyumbani, Lamu. Kwa nyumba za mawe za karne ya 18, ukuta wa ndani una vidaka, vile vishimo vya plasta vimepangwa safu kwa safu, na ndani wenyewe walikuwa wanaweka sahani za China. Shelfu za Leyland bado hazijaota! Sahani imevuka bahari na jahazi, mlango una nakshi, kiti cha enzi kimesimama pale kando, na hakuna mtu alishtuka. DC yenyewe ililetewa hizo story 2018, wakati makumbusho ya sanaa za Afrika ya Smithsonian iliweka maonyesho ya sanaa za Waswahili, na vitu vingine vikakam kutoka Kenya na Oman. Kwa hivyo ukiweka leso juu ya kochi la Waswidi, unafanya kitu watu wa pwani wamefanya kitambo sana.

Rangi anza kuzitoa kwa leso. Cheki pindo, chagua rangi mbili pekee, alafu hizo mbili zirudi: kwa mto, kwa fremu ya picha, kwa chombo cha maua. Mara tatu inatosha. Zingine zote zitulie. Ukuta landlodi hatakuacha upake, basi tundika leso nzima kwa ufito wa mbao, iangaliwe kutoka mlangoni. Na usiijazie jirani. Kitu chenye nguvu kinataka nafasi pande zote.

Fanicha zote zisikuwe nyeupe. Mbao ya giza moja, kubwa, yenye imezeeka, ndio inafanya vinyago vyako vikae ni kama vilizaliwa hapo. Community Forklift, kule Edmonston, wanauza milango, makabati na taa za kale zimetolewa kwa nyumba za huku, na bei hazichomi. Wikendi pitia soko la Eastern Market ukaoshe macho hata ka hununui. Alafu badilisha balbu. Ile taa nyeupe ya ofisini inaua kila kitu cha mbao na kila kitu cha sisal. Tafuta yenye imeandikwa 2700K, usiku utaona tofauti.

Na vitambaa vya kochi? Hapa sibembelezi mtu. Wasee wanavicheka, ati ni vya sebule ya shosh, lakini crochet ya mkono kwa mgongo wa kochi la kijivu ni kali kushinda mto wowote wa dukani. Weka kimoja, usiweke saba. Mathe akikuuliza utamletea nini ukienda nyumbani, mwulize pia yeye ni kipi ana mpango wa kukushonea, umwambie na rangi ya pindo, juu begi ni kilo 23 na kitambaa hakina uzito.