Herzberg na Molekuli Isiyodumu

Kila molekuli hufyonza mwanga kwa namna yake, nayo mistari ya spektra huitambulisha. Gerhard Herzberg, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1904, aliifuata elimu hiyo maisha yake yote. Mwaka 1935 ilimbidi aihame Ujerumani ya Wanazi, kwa kuwa mkewe Luise, mwanafizikia pia, alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, kikampokea.

Huko, mwaka 1942, alidhani ameipata spektra ya methileni, yenye kaboni moja na hidrojeni mbili. Kumbe ilikuwa ya atomi tatu za kaboni! Hakukata tamaa. Mwaka 1959, akiwa amekwisha kuhamia Ottawa, aliinasa methileni yenyewe kwa mmweko wa taa, kabla haijatoweka. Mwaka 1971 mwanafizikia huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.