Unanunua Pete au Unanunua Mwanga?

Miaka kadhaa iliyopita niliagiza mtandaoni kitu kilichotangazwa kuwa flashi ya pete ya kupigia picha za karibu. Bei ilikuwa ya kuchekesha, ila mimi sikucheka, nililipa. Kilipofika nilikifunga kwenye lenzi, nikatia betri nne, nikatoka uani kumpiga picha nyuki aliyekuwa kwenye ua la mpapai. Nyuki akatoka ukungu. Nikarudia mara ishirini, ukungu mara ishirini. Jioni nikakifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na vijitaa vya LED, vichache na vidogo, basi. Hapakuwa na bomba la zenoni wala kapasita ya kuhifadhi umeme wa mpigo. Nilikuwa nimenunua tochi iliyovaa pete.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue taa au flashi ipi ya pete, siangalii kwanza mfuko wake. Namuuliza mambo mawili: kile unachokipiga kiko umbali gani kutoka kwenye lenzi, na je, kinatulia? Majibu yake ndiyo yanayosema kama shilingi elfu hamsini zinamtosha au kama hata laki tano zitakuwa hasara.

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Sokoni vitu vya aina mbili tofauti kabisa huuzwa kwa umbo moja. Kuna taa ya duara, ile ambayo kila saluni na kila kinyozi anayejiheshimu anayo siku hizi, nayo huwaka muda wote kama balbu. Halafu kuna flashi ya pete, ambayo hupiga mara moja, kufumba na kufumbua, wakati shata inafunguka. Kibandiko cha sanduku hakikusaidii kuzitofautisha. Tazama maelezo yake: flashi ya kweli hutaja namba ya mwongozo au wati-sekunde. Ukikuta idadi ya vijitaa vya LED peke yake, hiyo ni taa, hata iwe imeandikwa nini.

Kifaa chenyewe kilizaliwa kwenye meno. Mwaka 1952 Mmarekani Lester Dine alibuni flashi ya pete ili madaktari wa meno waweze kupiga picha ndani ya kinywa. Sababu yake utaielewa ukimwambia mwenzako apanue mdomo kisha ummulike kwa tochi kutoka pembeni: shavu linazuia mwanga, magego yanabaki gizani. Mwanga ukitoka kuizunguka lenzi yenyewe, kila lenzi inakoona mwanga nao unafika. Baadaye wapiga picha wa mitindo waliupenda kwa sababu nyingine. Kwa kuwa mwanga unatoka pande zote, uso hubaki karibu bila kivuli, na mtu akisimama karibu na ukuta kivuli chembamba humzunguka mwili mzima kama amepakwa wanja. Mwingereza Martin Parr alikichukua kifaa cha madaktari akakipeleka kwenye chakula, kofia na vikorokoro vya watalii, akatengeneza picha za rangi kali zilizotoka katika kitabu chake cha Common Sense mwaka 1999. Yeye alisogea karibu kabisa na vitu vyake, na hapo ndipo penye siri ya bei.

Tupige hesabu kidogo. Flashi ndogo ya pete ya kufunga mbele ya lenzi, kama Canon MR-14EX II, ina namba ya mwongozo 14 kwa ISO 100. Maana yake, kitu kikiwa mita 1 unaweza kutumia f/14. Kikiwa mita 2, f/7. Ukirudi mita 4 ili bibi harusi na wapambe wake waenee, umebaki na f/3.5, na safu ya nyuma inaanza kuwa ukungu. Ukipandisha ISO hadi 400 unajipatia mara mbili ya namba hiyo, sawa, lakini umeshaanza kukopa. Nje juani mambo ni magumu zaidi: jua la saa sita mchana lenyewe hudai karibu f/13 kwa ISO 100 na shata ya 1/200, kasi ambayo kamera nyingi haziwezi kuipita sana zikitumia flashi ya kawaida. Kwa hiyo flashi hii ufukweni inalingana na jua pale tu unapokuwa mita 1 kutoka kwa mtu. Ukirudi nyuma zaidi, inazidi kuwa pambo.

Lakini kwa pete ya dhahabu, jino, mdudu, au kishada cha karafuu kilicho sentimita 20 kutoka kwenye lenzi, nguvu hiyo inatosha na kubaki. Unafunga tundu la lenzi hadi f/16, kila kitu kinatoka wazi, na flashi haijatumia hata nusu ya nguvu zake. Ikipunguzwa nguvu, mpigo wake unakuwa mfupi sana, mfupi kuliko kutikisika kwa bawa la nyuki. Hicho ndicho nilichokikosa uani kwangu.

Sasa linganisha na taa ya duara. Ile nzuri ya inchi 18 hutumia wati 55 hivi. Ukifungua shata kwa 1/125 ya sekunde, umepata 55 kugawanya kwa 125, yaani wati-sekunde 0.44. Flashi kubwa ya pete kama Godox AR400 humwaga wati-sekunde 400 kwa mpigo mmoja, karibu mara 900. Tuitendee haki LED: hugeuza umeme kuwa mwanga vizuri kuliko bomba la zenoni, kwa hiyo pengo la kweli ni dogo kuliko hilo. Hata ukiligawanya kwa tatu, bado unazungumzia mara 300, yaani stopu nane na ushei, kila stopu ikiwa mwanga kuzidishwa mara mbili. Ndiyo maana picha ya mtoto anayerukaruka mbele ya taa ya duara hutoka na mikono mitatu.

Taa hizi ndogo za inchi 10 zinazochomekwa kwenye USB ndizo zinazodanganya zaidi. USB ya kawaida hutoa volti 5 na ampea 2, jumla wati 10. Sanduku liandike litakavyo, taa haiwezi kutoa zaidi ya ilichokula. Kwa mtu anayejirekodi kwa simu akiwa nusu mita kutoka kwenye taa, zinatosha, tena zina faida moja ambayo sisi wa huku tunaijua: umeme ukikatika, pawabenki ya mAh 10,000 huiwasha kwa karibu saa tatu. Ile ya inchi 18 inadai soketi, ingawa haitakufilisi. Ikiwaka saa nane kwa siku, haifikishi hata nusu uniti ya umeme wa LUKU.

Ukubwa wa pete nao una thamani, na wauzaji hawausemi. Pete ya inchi 18 ni sentimita 46. Ikiwa sentimita 60 kutoka usoni, mwanga wake ni mpana kama dirisha, nao hulainisha ngozi. Flashi ya kufunga kwenye lenzi ina upana wa sentimita 13 hivi. Ikimpiga mtu aliye mita 1.5, kwake ni kijidoa cha mwanga, na ukali wake utauona kwenye paji la uso, ncha ya pua na mashavu. Ngozi zetu zenye weusi wa kupendeza, zikiwa na mafuta kidogo, huurudisha mwanga huo moja kwa moja kwenye lenzi kama kioo. Pauda husaidia. Miwani haina dawa. Utaona pete mbili nyeupe pale macho yanapotakiwa kuwa. Chumba kikiwa na giza na ukarudi mbali, macho yenyewe yatatoka mekundu, maana mwanga uko jirani mno na lenzi. Halafu kuna lesi na vitambaa vya kumetameta, tuviache tu.

Bei nitakazotaja ni za kukadiria, ni za maduka ya nje yanayouza mtandaoni, kabla ya usafiri na kodi. Taa ya USB ya inchi 10 ni dola 15 hadi 30. Ya inchi 18 yenye stendi na begi ni dola 60 hadi 120. Flashi za kufunga kwenye lenzi kutoka China, mfano Yongnuo YN-14EX, huzunguka dola 100, na Godox MF-R76 karibu 150. Ile ya Canon niliyoitaja ilitoka mwaka 2014 ikiuzwa takriban dola 550. Godox AR400, yenye betri yake kubwa, ni dola 400 hivi. Juu ya hapo ongeza VAT, asilimia 18 Tanzania na Uganda, 16 Kenya, pamoja na ushuru na gharama za wakala. Mimi hufanya hesabu nikidhani kifaa cha dola 100 kitanifikia mkononi kwa 150. Kikija kwa pungufu ya hapo, nashukuru.

Je, dola 550 za Canon zinakupa picha tofauti na dola 100 za Yongnuo? Kwenye picha moja, ukiwekewa mbili mezani, sidhani kama utazitambua. Zote zina namba ya mwongozo ileile, 14. Unacholipia ni uhakika kwamba mpigo wa mia tatu utafanana na wa kwanza, na kwamba kamera na flashi zinaelewana bila ugomvi. Daktari wa meno anayefuatilia rangi ya jino moja kwa mwaka mzima anauhitaji uhakika huo. Anayepiga hereni za kuuza Instagram hauhitaji. Ningependa kuongeza kwamba daktari yuleyule, akipiga meno ya mbele tu, angefikiria flashi mbili ndogo zinazokaa kushoto na kulia kwa lenzi, kwa sababu pete husawazisha kila kitu hadi mikwaruzo midogo ya jino inapotea.

Kuna njia ya katikati. Kama tayari una flashi ya kawaida ya juu ya kamera, unaweza kuivalisha kigeuzi, plastiki yenye vioo ndani inayoupinda mwanga na kuuzungusha kwenye lenzi. RayFlash na Orbis ndizo zilizopata jina, nazo ziliuzwa karibu dola 200 zilipokuwa mpya. Sasa kuna za kuigiza kwa bei ya chini sana. Hula takriban stopu moja ya mwanga. Pima kichwa cha flashi yako kwa rula kabla ya kuagiza, kwa sababu kigeuzi kinachopwaya kitaning'inia mpaka kivunje kiatu cha kamera. Nimewahi pia kuona kimoja kilichotengenezwa kwa mabakuli mawili ya plastiki ya kukorogea unga wa keki na foili ya jikoni. Kilikuwa kibaya kukitazama, lakini mwanga wake ulikuwa mzuri kuliko wa ile tochi yangu.

Gharama za pembeni ndizo humaliza watu. Flashi ya lenzi hukaa kwa pete ya kuunganishia yenye kipenyo cha lenzi yako, milimita 52, 58, 67 au 77. Ya China kwa kawaida huja na seti nzima. Ya Canon, ukitaka kuifunga kwenye lenzi ya 100mm f/2.8L, lazima ununue kiunganishi cha 67 kando. Betri za AA za dukani za kutupa zitakufilisi polepole. Nunua za kuchaji, seti mbili, moja ikae kwenye chaja. Na ukiuziwa flashi kuukuu ya enzi za filamu, usiichomeke kwenye kamera ya kidijiti kabla fundi hajaipima, kwani baadhi yake hurudisha zaidi ya volti 200 kwenye kiatu na zinaweza kuunguza kamera yenye thamani mara kumi ya hiyo flashi.

Kwa taa za duara, jaribu kabla ya kulipa. Iwashe, ipunguze hadi chini kabisa, kisha irekodi video kwa simu. Ukiona mistari inatembea kwenye picha, iache hapo hapo. Halafu weka mkono wako chini yake na upige picha. Taa duni ina upungufu wa mwanga mwekundu, na kahawia ya ngozi hutoka na ujivu, kama mtu aliyekosa mafuta asubuhi. Jaribio hilo ni bure na linasema ukweli kuliko namba za kwenye sanduku. Za mirija ya kizamani, zinazouzwa kama mitumba, sizipendi. Mirija huchoka na rangi hubadilika.

Mwaka jana dada mmoja mwenye saluni, ambaye hutengeneza video za kusuka, alikuja kuniomba ushauri. Alikuwa amesikia flashi ya pete ndiyo wanayotumia wataalamu, na alikuwa tayari kulipa bei ya Godox. Nikamtolea begini flashi yangu ya pete, ya kweli safari hii, nikaiwasha, nikabonyeza. Ikapiga, ikazima. Akasubiri.

"Kaka, mbona imepepesa tu?"

Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba simu yake hata haiwezi kuiamuru ipige. Akainyanyua, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia. Alinunua taa ya inchi 18, na fedha iliyobaki akaiongezea, akanunua kiti cha kuoshea nywele.