Virutubisho vya mazoezi baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Virutubisho vya mazoezi ni unga, vidonge na vinywaji vinavyotumiwa na watu wanaofanya mazoezi ili kujenga misuli au kuongeza nguvu. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, bidhaa hizo ni tofauti na vitamini na madini anayoandikiwa na daktari: hizi za pili ni za lazima, mara nyingi kwa maisha yote, na unga wa mazoezi hauwezi kuchukua nafasi yake.

Katika aina moja ya upasuaji huo sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa. Katika baipasi hubaki kifuko cha mililita 30 hivi, na chakula huruka sehemu ya utumbo mwembamba. Kwa hiyo vitamini B12, madini ya chuma na kalisi havifyonzwi vizuri. Puto la tumboni, kama linalowekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, si upasuaji na haliondoi sehemu yoyote ya mwili.

== Matumizi ==
Uzito unaposhuka haraka, misuli hupungua pamoja na mafuta. Kiasi cha protini kinachopendekezwa kwa kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, kiasi kigumu kufikia kwa tumbo dogo, na hapo ndipo unga wa protini husaidia. Hata hivyo yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, na dagaa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao. Unga wa kunenepesha una sukari nyingi. Ukishuka haraka kwenye utumbo huleta jasho, mapigo ya moyo ya kasi, kizunguzungu na kuhara.

Vinywaji vya kuongeza nguvu kabla ya mazoezi mara nyingi vina kafeini nyingi. Kreatini hupandisha kipimo cha kreatinini katika damu, hivyo anayeitumia amwambie daktari, la sivyo figo nzima zinaweza kudhaniwa mbovu. Vitamini C kwa dozi kubwa huongeza uwezekano wa mawe kwenye figo, hasa baada ya baipasi. Vidonge vya chuma na vya kalisi hupishanishwa kwa saa mbili au zaidi, na chuma hakimezwi kwa chai.

Kosa la kawaida zaidi huenda halimo kwenye kopo lolote. Misuli ikiuma, watu hununua diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa; baada ya baipasi dawa hizo zinaweza kusababisha vidonda palipounganishwa utumbo. Parasetamoli ni salama zaidi.

== Kilosa na Mikumi ==
Mkazi wa Kilosa, mji wa Reli ya Kati, au wa Mikumi, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, akitaka upasuaji huu husafiri mbali na kurudi nyumbani kupona. Joto la huko ni kali, na tumbo dogo halipokei maji mengi kwa mkupuo. Hunywewa kidogo kidogo mchana kutwa, si pamoja na chakula.

Anayetapika kwa siku kadhaa asisubiri miadi ya mbali. Akiba ya vitamini B1 huisha ndani ya wiki chache, na upungufu wake huharibu ubongo: macho huyumba, miguu hukosa mwelekeo, akili huchanganyikiwa. Dripu ya sukari ikitangulia vitamini hiyo, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Akifika Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, mgonjwa au ndugu yake huwaeleza wauguzi mapema aina ya upasuaji, na huenda na makopo yote anayotumia.