TVA ya mpakani: kabla ya kugombana, shika karatasi

Katika vikundi vyetu vya likelemba malalamiko ya TVA hayaishi. Mama anayeleta vitenge, sabuni au mafuta ya kupika kutoka ng'ambo ya mpaka anasema wamemtoza kupita kiasi. Mama anayenunua kwake sokoni anaona bei imepanda, naye anamnung'unikia mwenzake. Pesa inayobishaniwa pale duane ndiyo ada ya mtoto ya shule na unga wa nyumbani. Ni vizuri tujue hesabu inavyofanywa, na mahali ambapo mtu anaweza kudai haki yake.

TVA ni kodi gani?

Hapa Congo TVA ilianza tarehe 1 Januari 2012, kwa sheria iliyotiwa sahihi Agosti 2010. Kiwango chake cha kawaida ni 16 kwa mia. Mali inayotoka inchi za nje hutozwa TVA pale inapoingia, na anayeipokea ni DGDA, yaani duane. TVA ya mauzo ya ndani ya inchi hupokelewa na DGI.

Kodi hii imetengenezwa ili mlaji wa mwisho ndiye ailipe. Mfanyabiashara aliyeandikishwa kwa TVA analipa pale mpakani, kisha anapouza anaondoa kile alichokwisha kulipa na kupeleka DGI kinachobaki. Lakini sheria iliwaweka katika mpango huo wale wenye mauzo ya franga milioni 80 kwa mwaka au zaidi. Mama mwenye meza sokoni hayumo. Ile 16 kwa mia aliyoilipa mpakani haimrudii. Anaiweka ndani ya bei, na mwenye kununua ndiye anayeibeba. Ndiyo sababu kosa la duane kwa mzigo wa mama mmoja linafika mpaka kwenye sufuria ya jirani.

Hesabu yenyewe

TVA haihesabiwi juu ya bei ya kununulia peke yake. Kwanza duane inachukua thamani ya mali, pamoja na gharama ya kuisafirisha mpaka kwenye mpaka. Juu yake inaweka ushuru wa duane. Kisha 16 kwa mia inahesabiwa juu ya jumla ya hivyo viwili.

Tuseme mali ina thamani ya dolari 200, na ushuru wake ni 10 kwa mia. Ushuru ni dolari 20. TVA ni 16 kwa mia ya 220, yaani dolari 35.20. Jumla ni dolari 55.20.

Sasa tuseme afisa anasema, «Mali hii haiwezi kuwa ya 200, ni ya 300.» Ushuru unakuwa 30, TVA inakuwa 52.80, jumla 82.80. Mama anaongeza dolari 27.60, na kiwango cha kodi hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni thamani. Kwa hiyo mama anayepiga kelele «TVA imepanda!» anagombania kitu kisichokuwa penyewe. Aulize: «Thamani hii mmeitoa wapi?»

Congo ni mwanachama wa Shirika la Biashara la Dunia tangu 1997, na Kodi ya Duane ya mwaka 2010, ile sheria kubwa ya duane, inafuata kanuni yake: thamani ya kwanza ya kutazama ni bei iliyolipwa kweli. Afisa akiwa na mashaka, anaweza kuomba uthibitisho. Mama mwenye fakture ya muuzaji ana la kujibu. Asiye nayo anapangiwa thamani.

Msamaha wa COMESA

Ugomvi mwingine unatoka kwenye mpango rahisi wa COMESA, ule wa wafanyabiashara wadogo wa mipakani. Wengi wamesikia kwamba mali inapita bure. Mpango huo unaondoa ushuru wa duane kwa mali iliyotengenezwa katika inchi za COMESA na iliyo kwenye orodha ya inchi mbili zinazopakana. TVA hauiondoi. Katika mfano wetu, dolari 20 zinatoka, lakini 16 kwa mia ya 200 inabaki: dolari 32. Mali nyingine zina msamaha wa TVA yenyewe, lakini sheria ya fedha ya kila mwaka inaweza kubadili orodha. Uliza kabla ya kununua mzigo.

Jina la nani liko kwenye karatasi?

Wamama kumi wanaweka mizigo kwenye lori moja, na mtu mmoja anaitangaza duane kwa jina lake. Ni rahisi, na inafupisha safari. Lakini siku mzigo umehesabiwa vibaya, anayeweza kulalamika kwa sheria ni yule mwenye jina kwenye tangazo. Wale tisa walimpa pesa mkononi, na hawana cha kuonyesha.

Basi kabla ya lori kuondoka, andikeni orodha: jina la kila mama, mali yake, bei aliyonunulia. Mwenye kutangaza atie sahihi, na kila mmoja abaki na kopi. Mkifika, ombeni kopi ya bulletin de liquidation, inayoonyesha thamani, ushuru na TVA kila kimoja peke yake, na kopi ya kitansi cha malipo. Pesa isiyo na kitansi si TVA, hata kama aliyeichukua ameiita hivyo. Kumbukeni pia kwamba amri ya serikali ya mwaka 2002 ilitaja huduma nne za kufanya kazi mpakani: duane, OCC, DGM na Usafi.

Kama hamkubaliani

Andikeni barua kwa mkubwa wa ofisi ya duane iliyohesabu, mapema, kwa sababu sheria inaweka muda wa kulalamika. Semeni kama mnakataa thamani, kiwango cha ushuru au asili ya mali. Ambatanisheni fakture na kitansi, na mbaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu lisiporidhisha, njia ya wakubwa wa juu na ya mahakama ipo, na pale ni heri kutafuta mwanasheria kwa jina la kikundi. Nyanya na samaki hazingoji barua. Kwa mali ya kuoza, ulizeni kama mnaweza kuweka dhamana mzigo utoke wakati ugomvi unaendelea.

Wiki hii, kila kikundi kichague mama mmoja wa kushika kaye ya fakture na vitansi vya wote. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.