Vinyago si vya watalii peke yao

Mtoto wa Tengeru anayeona magari ya watalii yakikata kona kuingia Cultural Heritage, barabara ya Dodoma jijini Arusha, huamini vinyago ni mambo ya Wazungu. Wazazi nao hupita tu, wakidhani ukiingia lazima ununue.

Mkienda, msikimbilie kuona vyote. Simameni mbele ya kinyago kimoja cha Ujamaa, kazi ya Wamakonde. Watu wamebebana, huyu begani kwa yule, na wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Hakuna gundi wala msumari. Mwache mtoto awahesabu (atakosea, ataanza upya). Mwambie mpingo ni mzito hadi unazama majini.

Michoro ya Tingatinga itawavuta wadogo kwa rangi zake. Edward Saidi Tingatinga aliianza Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972.

Akiona kibuyu, huenda akauliza: “Mbona bibi anacho?” Hapo ndipo penyewe. Anayejua kukitengeneza yuko Tengeru, tena umri wake hausubiri. Jumapili mpeleke mtoto akamwulize bibi kibuyu huchumwa lini, mbegu hutolewaje, na hukaushwa wapi.