Mwalimu wa ngumbaru naye afundishwe na nani?

Katika njiapanda ya Kisian, ambapo barabara itokayo Kisumu hugawanyika kuelekea Maseno na Bondo, hesabu hufanywa kutwa bila kalamu. Mchuuzi hupima omena kwa gorogoro, akapatana bei, akaondoa nauli, na kuijua faida yake kabla matatu haijaondoka.

Mama wa aina hiyo akiingia darasa la elimu ya watu wazima, maarufu kama ngumbaru, kisha mwalimu aanze kumhesabia vijiti kama mtoto wa darasa la kwanza, yamkini hatarudi. Hesabu haikumshinda. Alichokosa ni alama za kuandikia yale ayajuayo tayari.

Kumfundisha mtu mzima ni kazi yenye ujuzi wake. Wanafunzi wengi waliopita miaka arobaini hawaoni vizuri maandishi madogo, na mara nyingi mtu hudhaniwa mzito wa kuelewa kumbe anahitaji miwani. Wengine hukosa masomo kwa sababu ya soko, kilimo au matanga. Aidha, mwalimu wa Kisian hana budi kujua wakati wa kueleza kwa Kijaluo na wakati wa kuvuka hadi Kiswahili.

Kenya ilipitisha Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966. Idara maalumu iliundwa mwaka 1979, wakati wa kampeni ya kufuta ujinga iliyoagizwa na Rais Daniel arap Moi. Mzigo ukawaangukia walimu walioajiriwa na serikali, wale wa muda wanaolipwa posho, na wa kujitolea. Maandalizi yao hayakulingana.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa asilimia 38.5 ya watu wazima, yaani takriban milioni 7.8, hawakufikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Lililozungumzwa kwa nadra ni kwamba waliofikia kiwango cha umilisi walikuwa asilimia 29.6 tu. Hivyo zaidi ya nusu ya waliovuka kizingiti waliishia papo hapo. Pengo hilo halikuzaliwa katika ngumbaru peke yake, lakini walimu wake ndio wanaotarajiwa kuliziba.

Kwingineko viwango vimeandikwa. Mwaka 2013 mashirika mawili ya Ujerumani, DVV International na DIE, yalitoa Curriculum globALE, mtaala wa kuwaandaa wakufunzi wa watu wazima katika nchi yoyote. Tanzania ina Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake mwaka 1975. Hapa Kenya, sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 inamtaka mkufunzi awe na leseni. Anayemfundisha fundi kuchomelea vyuma hukaguliwa. Anayemfundisha mama yake fundi huyo kusoma hutazamwa zaidi kwa rejista ya mahudhurio.

Ukaguzi wenye manufaa ungemketisha mtu benchi la nyuma, asikilize ni nani anayezungumza zaidi darasani, mwalimu au wanafunzi. Kikwazo ni fedha: mwalimu wa posho hawezi kuacha shamba lake kwa miezi akasomee Nairobi. Hata hivyo, ng'ambo ya pili ya Kisumu, huko Ahero, ipo taasisi ya mafunzo ya maendeleo iliyo chini ya idara hiyo hiyo ya elimu ya watu wazima. Kutoka Kisian, mtu huweza kwenda na kurudi siku moja.