Je, wajua? Jiko la peleti hupika kwa moshi

Ukiiacha Chalinze na kushika barabara ya Morogoro, muda si mrefu utaona magunia ya mkaa yamepangwa kandokando, yamejazwa lumbesa na kufungiwa nyasi juu. Huku ndiko Ubena, wilaya ya Bagamoyo, na mkaa wa huku unapikia Dar es Salaam. Ukiingia porini utakuta tanuru: magogo yamelazwa, yamefunikwa nyasi na udongo, kisha moto umetiwa upande mmoja. Mchoma mkaa hana kipimajoto. Anautazama moshi. Mwanzoni ni mweupe na mzito, maji ya mti yanatoka. Baadaye hugeuka kuwa wa manjano, unawasha macho na kunuka lami. Ukishakuwa mwembamba wa rangi ya buluu, anajua mti umeiva, na anawahi kuziba matundu kabla mkaa wenyewe haujaanza kuwaka.

Moshi ule wa katikati, wa manjano, ndio hasa kiini cha habari hii. Wengi tunauona kuwa ni uchafu wa moto, kitu cha kukimbia na kupepea kwa kanga. Ukweli ni kwamba ni kuni ambazo hazijapata nafasi ya kuwaka. Ubao mkavu ukipashwa joto bila hewa ya kutosha, karibu robo tatu ya uzito wake huondoka ikiwa mvuke na gesi: haidrojeni, methani, kaboni monoksaidi na matone ya lami. Karibu vyote hivyo, ukiondoa mvuke wa maji, vinawaka vizuri sana vikikutana na joto na hewa kwa wakati mmoja. Tanuru la udongo huvitupa angani. Kilo 100 za kuni zinazoingia humo hutoa kilo 10 mpaka 20 za mkaa, na ukipiga hesabu ya joto utaona kwamba sehemu kubwa ya nishati ya mti imeishia porini kabla gunia halijapakiwa kwenye lori.

Jiko la peleti hufanya kazi ileile ya tanuru, lakini chini ya sufuria, na ule moshi wa manjano ndio linaopikia.

Peleti ni maranda yaliyosagwa na kukaushwa mpaka unyevu ukawa chini ya asilimia 10, kisha yakasukumwa kwa nguvu kupitia matundu ya chuma yenye upana wa milimita 6 au 8. Hayatiwi gundi. Msuguano huleta joto, joto hulainisha lignini, ambayo ndiyo inayoshikanisha nyuzi za mti, na kipande kikipoa kinabaki kigumu na chenye kung'aa. Kilo moja ya peleti nzuri ina megajuli 17 hivi. Mkaa una kama 29, na hapo ndipo watu hudai mkaa una nguvu zaidi. Ni kweli ukilinganisha kilo ya mkaa na kilo ya peleti. Ukianzia kwenye kilo ya mti uliokatwa, hesabu inageuka kabisa.

Sasa njoo kwenye jiko lenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea siku ya kwanza. Jiko dogo la kupikia ni kopo la chuma ndani ya kopo jingine. Unajaza peleti, halafu unawasha juu, si chini. Aliyezoea mafiga anaona huo ni ukichaa. Lakini ukiwasha chini, moshi wa peleti zote utapanda kwa mpigo na jikoni hapatakalika. Ukiwasha juu, moto unashuka polepole, milimita chache kwa dakika, kama utambi wa mshumaa. Hewa kidogo hupenya kutoka chini, inatosha tu kuufanya mstari wa moto uendelee kushuka. Peleti zilizo kwenye mstari huo zinatoa gesi, gesi inapanda kupitia tabaka la makaa mekundu, na inapofika karibu na mdomo wa kopo inakutana na safu ya vitundu. Vitundu hivyo huingiza hewa ya pili, iliyokwisha kupata moto kwa kupita kati ya makopo mawili. Hapo ndipo gesi inashika. Ukichungulia pembeni mwa sufuria utaona ndimi za moto zinatoka kwenye vitundu vya ukingoni, wakati peleti za chini bado ni za rangi ya mbao.

Feni ndogo inayotumia umeme wa betri, yenye paneli yake ya jua, ndiyo inayosukuma hewa hizo mbili. Ukizungusha kitufe unaongeza au kupunguza moto. Nusu kilo ya peleti huenda karibu saa moja kwa moto wa wastani. Mwishoni mstari ukifika chini, gesi inakwisha, ndimi zinafifia na kugeuka buluu, kama ule moshi wa mwisho wa tanuru. Koponi yamebaki makaa. Hapo una uamuzi: kuyaacha yaungue mpaka majivu, au kuyamwaga kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko yazimike, ukapata mkaa wa bure. Nakushauri ufanye haya nje au mlangoni, kwa sababu makaa yaliyobaki peke yake ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi.

Mpango huu wa kuwasha juu haukuanza jana. Mmarekani Thomas Reed aliufikiria mwaka 1985. Mnorwe Paal Wendelbo aliufikia kwa njia yake mwenyewe na kuufanyia kazi Uganda, kwenye kambi za wakimbizi za kaskazini, akatengeneza jiko la bati aliloliita Peko Pe. Lile halikuwa na feni, na lilikula hata nyasi na vijiti. Inanisikitisha kwamba jambo lililofanyiwa kazi jirani hivi bado linaletwa kwetu kama ugeni kutoka ng'ambo.

Ukitaka kununua, anza na peleti ndipo uulize jiko. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu Afrika Mashariki tayari imelipa ada ya somo hilo. Kampuni ya Inyenyeri ilianzishwa Rwanda mwaka 2010 na Mmarekani Eric Reynolds, makao yake Gisenyi kando ya Ziwa Kivu. Ilikuja kuwapa wateja majiko ya Mimi Moto, ambayo ni kati ya yaliyopimwa na kuonekana masafi kabisa, ikategemea kuuza peleti. Mwaka 2020 ikafungwa. Jiko lilikuwa zima, lakini kampuni ilipofungwa ugavi wa peleti nao ukakatika. Kwa hiyo uliza nani anatengeneza peleti, duka liko umbali gani, na masika mvua ikikata njia itakuwaje. Kama hakuna jibu, subiri.

Kisha zipime kwa mkono. Peleti nzuri ikivunjwa inatoa mlio mkavu, na chini ya mfuko hakuna unga mwingi. Iweke kwenye glasi ya maji: itavimba na kurudi kuwa maranda baada ya dakika chache. Ndiyo maana pwani, hewa ikiwa na unyevu mwaka mzima, peleti hazikai kwenye gunia. Zitie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, uziweke juu ya kichanja, mbali na ukuta unaovuja. Huko Ulaya daraja la juu kabisa, ENplus A1, haliruhusu majivu kuzidi asilimia 0.7. Pumba za mpunga zina majivu mengi kuliko hayo, na majivu yake huganda na kuziba matundu. Maganda ya korosho usiyaguse: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake ni sumu.

Mtihani wa jiko lolote la Mtanzania ni ugali. Jiko la peleti ni refu na jepesi, na anayesonga anaelemea mwiko kwa uzito wa mabega. Chagua lenye kitako kipana na meno ya juu yanayoishika sufuria, ulikalishe chini kwenye sakafu iliyonyooka, na mtu wa pili ashike sufuria mpaka mzoee. Maharage nayo yana shida yake. Ukiongeza peleti juu ya moto uliokwisha kushuka, utapata moshi uleule uliokuwa unaukimbia. Yaloweke usiku kucha, au nunua jiko lenye makopo mawili ya peleti, moja likiisha unabadilisha. Samaki wa kuchoma na mishikaki, sikudanganyi, jiko hili halifai.

Kwenye nchi za baridi jiko la peleti ni mashine nyingine. Jerry Whitfield, mhandisi wa ndege aliyefanya kazi Boeing, ndiye aliyelitengenezea njia mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko jimbo la Washington. Lina tangi la peleti, parafujo inayozidondosha kidogokidogo kwenye kikombe cha moto, feni mbili na mlango wa kioo, na linapasha nyumba. Mtanzania aliyehamia Uswidi au Italia kaskazini atalikuta sebuleni. Lakini na sisi tuna baridi yetu: Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Makete mwezi wa Juni na Julai sakitu huunguza viazi shambani. Huko ndiko kila msimu tunasikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani na haikuamka. Kaboni monoksaidi haina harufu wala haiwashi macho. Jiko dogo la kupikia, hata liwe safi namna gani, halina bomba, kwa hiyo ni marufuku kulala nalo.

Anayetaka kupasha nyumba Njombe afunge jiko lenye bomba. Kadirio la kawaida ni kilowati 1 kwa kila mita 10 za mraba, ila ondoa kwanza mianya: nyumba ya bati isiyo na dari inapoteza joto jingi kuliko litakaloletwa na jiko. Weka chini ya jiko vigae au sakafu ya saruji. Liache mbali na ukuta wa mbao na mapazia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Bomba lipande wima kadiri inavyowezekana, lipite paa ndani ya kola ya chuma isiyogusa kenchi, na lizidi kimo cha paa ili upepo usirudishe moshi. Acha tundu la hewa ukutani. Funga king'ora cha kaboni monoksaidi chumba cha kulala. Umeme ukikatika parafujo na feni husimama, kwa hiyo betri na inveta si anasa, na fundi afike mara moja kwa mwaka kusafisha masizi. Ghala la peleti nalo liwe na hewa: peleti mpya zikirundikwa nyingi mahali palipofungwa hutoa gesi hiyohiyo ya kaboni monoksaidi, na huko Ulaya gesi hiyo imekwisha kuua watu.

Linaloniudhi ni malighafi tunayoichezea. Mafinga, pembeni ya shamba la miti la Sao Hill, maranda ya misonobari yanarundikwa nyuma ya viwanda vya mbao na kuchomwa moto yapungue. Keko, Dar es Salaam, maseremala nao wana maranda yao. Zambia, kampuni ya SupaMoto hugeuza maranda ya aina hiyohiyo kuwa peleti na kuziuza mijini. Sisi tumebaki kukata miyombo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ulilinganisha misitu ya kuzunguka Dar es Salaam mwaka 1991 na 2005, ukaonyesha uchomaji mkaa unasogea mbali na jiji kwa kilomita 2 hivi kila mwaka, huku wavunaji wa mbao za thamani wakitangulia kwa kasi ya kilomita 9. Aliyeijua misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ya zamani hahitaji kusimuliwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema, nami naliunga mkono. Lakini mazungumzo mengi yamekuwa ya mitungi ya gesi, na mitungi mingi iliyogawiwa imekauka kwa sababu kujaza upya ni fedha ya mkupuo, wakati mkaa unanunuliwa kwa sado. Peleti zinaweza kuuzwa kwa sado.

Kazi nyingine za jiko hili ni nyingi, nazitaja upesi: kuchemsha maji ya kuoga, kukaanga vitumbua na samaki, kupika shuleni kwa majiko makubwa, kupasha banda la vifaranga kwa lile lenye bomba, na mkaa wa masalia kusagwa na kuchanganywa na samadi kwenye bustani ya mchicha.